Kijana Aliyejifunza Kusoma kwa Kitabu cha Plato

 Leo tuna somo la historia. Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni neno moja tu, kwa herufi kubwa: FALSAFA.

Lisomeni pamoja. Fal-sa-fa. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, nao Waarabu walilipata kwa Wayunani wa zamani, ambao kwao maana yake ilikuwa kupenda hekima. Limesafiri mbali sana kabla ya kufika kwenye ubao wenu.

Huenda yupo mmoja wenu anayesema moyoni: Mimi nimekuja hapa nipate kusoma barua ya mwanangu na kuhesabu fedha za mazao yangu, nisipunjwe kwenye mizani. Falsafa ni ya nini kwangu? Swali lako ni zuri, wala si jipya. Huko Marekani watu wamebishana juu ya swali hilo hilo kwa miaka mingi, tena kwa ukali. Basi leo nitawaeleza habari za vyuo vya watu wa kawaida katika nchi ile, na za kijana mmoja aliyemaliza shule bila kujua kusoma, akajifundisha mwenyewe kwa kitabu ambacho hata maprofesa hukisoma polepole. Nawaonya mapema kwamba habari yenyewe si tamu mpaka mwisho. Lakini nitaieleza yote, kwa sababu historia iliyokatwa mkia si historia.

Kwanza tutazame hivyo vyuo. Mwaka 1901, katika mji wa Joliet, karibu na Chicago, mkuu wa shule ya sekondari aliyeitwa J. Stanley Brown aliwafungulia vijana wake masomo ya chuo pale pale shuleni kwao. Alisaidiwa na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 6 tu. Walisoma masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama nyumbani, na aliyetaka kuendelea aliweza kwenda chuo kikuu baadaye. Jambo hilo lilipendwa, likaenea. Mwaka 1907 jimbo la California lilitunga sheria ya kuruhusu shule zake za sekondari kufanya vivyo hivyo.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, askari wengi walirudi nyumbani, na sheria ya mwaka 1944 ilikuwa imewaahidi fedha za masomo. Mwaka 1947 tume iliyoteuliwa na Rais Truman ilishauri vyuo vya namna hii vijengwe kila mahali. Tume hiyo ikavieneza jina la vyuo vya jamii, maana yake vyuo vilivyo karibu na watu, ambavyo mama mwenye watoto au mfanyakazi wa kiwandani aweza kuhudhuria jioni akitoka kazini. California ikaenda mbele zaidi. Kwa mpango wa mwaka 1960, wanafunzi walioshinda sana, mmoja katika kila 8, waliwekewa nafasi katika Chuo Kikuu cha California. Theluthi ya juu waliwekewa nafasi katika vyuo vya serikali ya jimbo. Vyuo vya miaka miwili vilimfungulia mlango kila aliyeweza kufaidika na masomo, awe alifaulu zamani au hakufaulu. Wenyeji wa jimbo hawakutozwa ada ya masomo katika vyuo hivyo mpaka mwaka 1984. Tafakari neno hilo: awe alifaulu au hakufaulu.

Sasa, mtu akishaingia, afundishwe nini? Hapo ndipo mabishano yalipo. Wapo waliosema maskini afundishwe kazi ya mikono, basi. Katika Wamarekani Weusi mabishano haya yalikuwa ya zamani kuliko vyuo vyenyewe. Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1856, ndiye aliyeiongoza shule ya Tuskegee tangu ilipofunguliwa mwaka 1881, na alisema watu wake waanze kwa useremala, kilimo na ufyatuaji wa matofali, na heshima itafuata. W. E. B. Du Bois, aliyesoma falsafa Harvard kwa mwalimu William James, alimpinga hadharani katika kitabu chake cha mwaka 1903. Du Bois alisema watu wanaofundishwa kazi tu, bila kufundishwa kufikiri juu ya haki, watafanya kazi vizuri sana chini ya mtu mwingine. Mimi sitaki kumdharau Washington, maana mwenye njaa hawezi kula falsafa, na tofali zuri ni tofali zuri. Lakini katika jambo hili naona Du Bois aliona mbali zaidi.

Basi twende Oakland. Huu ni mji wa bandari katika California, ng'ambo ya ghuba, ukitazamana na San Francisco. Wakati wa vita watu Weusi kwa maelfu walihama kutoka majimbo ya kusini, Louisiana, Texas na Arkansas, wakaja kufanya kazi katika viwanda vya kuunda meli. Vita vilipokwisha, kazi nyingi zikaisha nazo, lakini watu walibaki. Katika jamaa hizo walikuwamo akina Newton kutoka mji wa Monroe, Louisiana. Baba, Walter Newton, alikuwa mhubiri na mfanyakazi hodari. Watoto walikuwa 7, na wa mwisho, aliyezaliwa tarehe 17 Februari 1942, aliitwa Huey.

Huey Newton alipitia shule za Oakland darasa baada ya darasa, na mwaka 1959 akapewa cheti cha kumaliza shule ya sekondari. Cheti kilikuwa na jina lake. Yeye hakuweza kukisoma vizuri. Baadaye, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1973, alisimulia mambo haya bila kujificha. Alisema shuleni aligombana na walimu na kufukuzwa mara nyingi, na kwamba aliambiwa hakuwa na akili ya kwenda chuo. Tena alikuwa na kumbukumbu kali: alihifadhi mashairi marefu kwa kuyasikia tu, na mtu aliyemsikia akiyatoa hangedhani kwamba macho yake hayajui herufi. Wewe mwanafunzi wa darasa letu waijua hila hii. Wajua jinsi mtu anavyosema, nimesahau miwani nyumbani, nisomee wewe. Wajua jinsi anavyoshika gazeti muda mrefu na kugeuza kurasa.

Nyumbani Huey alikuwa na kaka yake, Melvin, mpenda vitabu. Huey alimheshimu sana. Hata hivyo aliona haya kuomba msaada. Akajifungia na kamusi na kitabu kimoja. Hakuchagua kitabu cha watoto chenye picha ya paka. Alichagua Jamhuri ya Plato, Myunani aliyeishi miaka 400 hivi kabla ya Kristo.

Ngoja kidogo, tuone kazi yenyewe ilikuwaje. Alisoma neno, akalitafuta katika kamusi. Kamusi ikamweleza kwa maneno mengine asiyoyajua, akayatafuta na hayo. Alipofika mwisho wa ukurasa alikuwa amesahau mwanzo wake, akarudi. Alipomaliza kitabu alianza tena, na tena, mara nyingi, mpaka alipoona sasa amekishika. Mwalimu wa kisomo asingeshauri njia hii, nami siishauri. Ni kama kujifunza kuogelea kwa kutupwa katikati ya mkondo. Lakini nadhani natambua kwa nini ilimfaa. Kitabu cha watoto kingemwambia kila ukurasa kwamba yeye ni mtoto. Kitabu cha Plato kilimwuliza swali la mtu mzima: Haki ni nini?

Katika kitabu hicho mna habari ya pango, nayo ndiyo iliyomshika Huey kuliko zote. Sikilizeni, nitaieleza kwa maneno yangu.

Kuna watu wamefungwa ndani ya pango tangu utoto wao. Miguu ina minyororo, na shingo pia, hata hawawezi kugeuka. Hutazama ukuta ulio mbele yao tu. Nyuma yao, juu kidogo, moto unawaka, na kati ya moto na wafungwa ipo njia. Wapo watu wapitao njia hiyo wakichukua sanamu za watu na za wanyama, na vivuli vya sanamu hizo huanguka ukutani. Wafungwa huviona vivuli wakadhani ndivyo vitu vyenyewe. Tena wana mashindano: anayekumbuka vizuri kivuli gani hufuata kivuli gani hupewa sifa na heshima, akahesabiwa kuwa msomi wao. Siku moja mfungwa mmoja anafunguliwa. Anageuka, na moto unamwumiza macho. Anakokotwa mpaka nje. Kwanza haoni kitu. Halafu anaona vivuli, halafu sura za vitu ndani ya maji, halafu vitu vyenyewe, halafu nyota na mwezi usiku, na mwisho kabisa jua. Anawakumbuka wenzake, anashuka kuwaambia. Lakini macho yaliyozoea jua hayaoni gizani. Anajikwaa, na wenzake wanamcheka wakisema: Tazama, safari yake imemharibu macho. Plato anasema kwamba kama wangeweza kumkamata mtu wa namna hiyo, anayetaka kuwafungua, wangemwua.

Plato hakuwa akitunga mzaha. Mwalimu wake, Sokrate, alikuwa mtu wa kuulizauliza watu maswali sokoni Athene, na mwaka 399 kabla ya Kristo mahakama ya mji wake ilimhukumu kufa kwa kunywa sumu.

Huey Newton alipoisoma habari ile chumbani kwake, aliona kwamba ni habari ya mtaa wake. Ukuta na vivuli ndivyo yale aliyofundishwa juu ya watu wake shuleni, katika picha za sinema na katika magazeti, nayo aliyaamini kwa miaka mingi. Angalia basi jambo hili. Mtu huyu hakujifunza kusoma kwanza, kisha akaja kufikiri baadaye. Vyote viwili vilimjia pamoja, sentensi kwa sentensi.

Baada ya shule aliingia chuo cha jamii cha mji wake, kilichoitwa wakati huo Oakland City College. Chuo hiki kilianza kwa matawi mawili: Laney, kwa ufundi, na Merritt, kwa masomo ya biashara. Baadaye masomo ya chuo kikuu yakaongezwa, historia, lugha, falsafa na mengineyo. Tawi la Merritt lilikuwa Grove Street, katika majengo ya zamani ya shule ya sekondari, bondeni, katikati ya mitaa ya watu Weusi. Ungeweza kutoka nyumbani kwa miguu ukafika darasani. Wanafunzi wengi hawakuwa vijana wa miaka 18. Walikuwamo waliotoka jeshini, wenye watoto, na wafanyao kazi ya usiku wakaja asubuhi na usingizi machoni.

Huko Newton alisoma falsafa na sheria, akaenda polepole, akiacha na kurudi, mpaka mwaka 1966 alipopata shahada ya miaka miwili. Alisoma vitabu vya mwanafalsafa Mwingereza A. J. Ayer, aliyeuliza sentensi gani ina maana na ipi ni kelele tu. Ayer hakuwa mtu wa siasa za mitaani hata kidogo. Lakini Newton alitoa kwake wazo la kutumia: kwamba jambo likishapata jina na kutamkwa, watu wengi waweza kulishika pamoja. Nasema kwa haki, sidhani Ayer angeyatambua mawazo yake katika mikono ile. Ndivyo ilivyo na vitabu. Vikitoka dukani havimwulizi mwenyewe tena.

Na masomo hayakuishia darasani. Mbele ya chuo, kando ya barabara, watu walisimama kubishana juu ya Afrika, juu ya sheria, juu ya Mungu, hata jioni. Mwanasheria mmoja, Donald Warden, alikuwa na chama cha kujisomea vitabu, na Newton alihudhuria kwa muda kabla ya kutofautiana naye. Hapo chuoni, mwaka 1962, alikutana na Bobby Seale, mwanafunzi aliyemzidi umri kwa miaka 5, aliyepata kuwa askari wa jeshi la anga. Msishangae nikisema kwamba habari hizi zinaigusa hata lugha yetu. Katika mji wa Los Angeles, kusini ya jimbo hilo hilo, mwanafunzi wa chuo cha jamii cha mji ule alikuwa kiongozi wa wanafunzi wenzake, kisha akajifunza Kiswahili katika chuo kikuu. Ndiye Maulana Karenga, na mwaka 1966 alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, ambayo jina lake alilitoa katika maneno yetu, matunda ya kwanza.

Oktoba mwaka 1966, Newton na Seale waliketi katika ofisi ya kupambana na umaskini ya North Oakland wakaandika madai 10: kazi, nyumba, elimu itakayowafundisha watu historia yao ya kweli, na polisi waache kuwaua watu Weusi. Chama chao kilikuja kujulikana ulimwenguni kote kwa jina la Black Panther. Newton alikuwa amesoma sheria za California, akajua kwamba wakati ule raia aliruhusiwa kubeba bunduki waziwazi. Basi walifuata magari ya polisi usiku, bunduki mkononi na kitabu cha sheria garini, na polisi alipomkamata mtu, Newton alisimama kwa umbali uliotakiwa na sheria akasoma kifungu kwa sauti kubwa. Kijana asiyeweza kusoma cheti chake mwaka 1959! Wakubwa wa jimbo hawakufurahi. Mwaka 1967 gavana, Ronald Reagan, alitia sahihi sheria mpya ya kukataza kubeba bunduki zenye risasi hadharani.

Sasa nafika sehemu niliyowaonya. Tarehe 28 Oktoba 1967, alfajiri, polisi mmoja aliuawa kwa risasi Oakland, na Newton akajeruhiwa tumboni. Mwaka 1968 alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia kabla. Mwaka 1970 hukumu ikafutwa na mahakama ya rufani, na baada ya kesi mbili zaidi ambazo wazee wa baraza hawakuafikiana, mashtaka yakaachwa mwaka 1971. Mwaka 1974 alishtakiwa tena, safari hii kwa kifo cha msichana wa miaka 17. Akakimbilia Kuba, akarudi mwaka 1977 kujibu mashtaka. Mara mbili wazee wa baraza hawakuafikiana, na kesi ikaachwa. Madawa ya kulevya yalikwisha kumshika. Chama chake kiliwahi kulisha maelfu ya watoto chakula cha asubuhi tangu mwaka 1969, na kiliendesha shule nzuri ya watoto mjini Oakland mpaka mwaka 1982. Mwaka 1989 Newton hakupinga shtaka la kuchukua hundi ya serikali ya dola 15,000 iliyokuwa ya shule hiyo.

Wengine huisimulia habari hii wakaishia pale kijana anaposhinda kamusi. Wengine huanza kwenye bunduki na madawa, wakasahau kamusi. Mimi siwezi kufanya hivi wala vile. Plato aliamini kwamba mtu aliyeliona jua atafaa kutawala. Mimi namheshimu Plato, lakini Newton alitoka pangoni kwa kazi ngumu kuliko tuliyofanya wengi wetu, na bado akatenda mambo ambayo jamaa za watu wengine wanaendelea kuyalilia. Mwanafunzi mmoja ataniuliza: basi falsafa ilimfaa nini? Kikundi chenu kizungumze swali hilo. Mimi nitasema tu kwamba mwaka 1980, katikati ya taabu zake zote, alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz, kwa kuandika jinsi serikali ilivyokipiga vita chama chake. Mambo mengi aliyoyaandika juu ya ujasusi ule yalikuwa yamekwisha kuthibitishwa na uchunguzi wa baraza la Seneti la Marekani. Aliuawa kwa risasi mtaani Oakland tarehe 22 Agosti 1989, umri wake miaka 47.

Melvin, yule kaka mpenda vitabu, alikuwa mwalimu katika chuo kile kile cha Merritt. Chuo chenyewe kilihamishwa mwaka 1971 kutoka Grove Street kikapelekwa juu milimani, mbali na mitaa ya bondeni. Watu wengi wa mitaa hiyo walipinga. Walisema chuo cha jamii kisichofikika kwa miguu kimekuwa cha jamii nyingine. Barabara ile ilibadilishwa jina ikaitwa Martin Luther King Jr. Way, na sehemu ya majengo ya zamani ilitengenezwa upya ikawa nyumba ya wazee wa mtaa kukutania.

Na wapo waliofika hata kwetu. Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther katika Kansas City, aliikimbia Marekani baada ya kuhukumiwa kwa jambo la bunduki, akapitia Algeria, na mwaka 1972 akafika Tanzania pamoja na mkewe Charlotte. Walifanya makao katika kijiji cha Imbaseni, karibu na Arusha, wakalima, wakafuga kuku. Mwaka 1991 walianzisha hapo kituo cha jamii, ambako vijana wa kijiji walifundishwa Kiingereza na ufundi mbalimbali bila malipo.

Muda wetu umekwisha. Mwalimu wa kikundi, usifute lile neno ubaoni. Mpe mmoja wa wanafunzi karatasi hii aisome tena kwa sauti habari ya pango, tangu maneno "Kuna watu wamefungwa" mpaka "wangemwua". Akikwama kwenye neno, msimsaidie upesi, mpeni nafasi. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasoma habari za Grundtvig wa Denmark na shule zake za wakulima. Kwaherini.